Mistari ya Ijumaa

Theodosia ni mhudumu wa afya wa kitongoji chetu hapa Rusumo. Kazi yake ni kupima watoto. Anawapima uzito, anawazungushia utepe mkononi, anaandika tarehe kwenye kadi. Basi ukuta wa chumba chake ulipopata ufa, mwezi wa kumi na moja, naye akaupima. Kila Ijumaa alichora mstari wa kalamu pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe pembeni.

"Mwanao anaendeleaje?" nilikuwa nikimtania, maana tunapanga nyumba moja na milango yetu inatazamana.

"Anakua vizuri mno," alijibu bila kucheka.

Angechekaje? Chini ya ufa ule kilikuwa kitanda cha mama yake, bibi Scolastica, aliyepooza upande wa kulia. Chumba kidogo, kitanda hakikuenea pengine popote. Kila lori lilipopita likiteremka mpakani, vumbi la ukuta lilimwagikia blanketi, naye Theodosia akalikung'uta.

Mwenye nyumba wetu, mzee Desderius, anakaa Kahama. Simu zetu hapokei. Hujibu kwa ujumbe, na ujumbe ni ule ule: "Fundi yuko njiani." Mwezi wa kwanza alituletea mchanga, ukamwagwa uani. Kufika Pasaka ulikuwa umeota majani na kuku wanatagia humo. Nilimkasirikia mzee yule mpaka chakula hakishuki. Nilimsema kisimani, nilimsema nje ya kanisa baada ya misa, nilimsema kwa kila mwenye masikio. Mtu ana roho gani kumwacha mama wa watu alale chini ya ukuta unaopasuka?

Mimi hununua maharage vijijini, na chumba changu cha pili hujaa magunia. Mwezi wa pili Theodosia aliniuliza kama mama yake angeweza kulala humo kwa muda. Nikamwambia magunia hayana pa kwenda, avute subira kidogo, masika bado. Hakurudia kuuliza.

Wiki moja baada ya Pasaka aliupiga picha ukuta na mistari yake yote, akaituma Kahama. Siku ya tatu fundi akafika kweli, kijana anaitwa Ansbert. Mkononi alikuwa na kopo la rangi na brashi.

"Mzee amesema wapangaji wamemchorachorea ukuta," alisema akiangalia chini. "Nimetumwa kupaka."

Nilitaka kumfukuza na kopo lake. Theodosia alimtazama tu, kisha akamfungulia mlango. "Ingia uone."

Ansbert alianza kusoma tarehe kutoka chini. Mistari ya kwanza ilipishana upana wa kidole. Ya mwezi wa tatu ilipishana kiganja. Wa mwisho uligusa mbao za paa. Akatia vidole kwenye ufa, vikazama vyote vinne. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Mama, bibi hawezi kulala hapa leo," alisema. "Atoke sasa hivi."

"Nimpeleke wapi?"

Theodosia hakunitazama alipouliza hivyo, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaenda kufungua chumba changu. Mimi na Ansbert tuliyatoa magunia, tukayapanga barazani, tukayafunika turubai. Haikufika nusu saa. Tukambeba bibi na godoro lake.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia tulipomlaza.

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe, nimekusumbulia mizigo yako."

Nikaanza kulikung'uta vumbi blanketi lake.

Saa kumi jioni lori la shehena lilipita barabarani, na ukuta ukaanguka kwa ndani. Tulikimbilia mlangoni. Matofali yalikuwa yamekifukia kitanda. Tuliona mguu mmoja tu wa kitanda, umevunjika. Theodosia alishika fremu ya mlango.

Ndipo simu yake ikaita. Kwa mara ya kwanza tangu ufa uanze, mzee Desderius alikuwa amepiga mwenyewe. Theodosia akaweka sauti ya nje.

"Huyo fundi amemaliza kupaka?"

"Hajapaka, baba. Ukuta umeanguka."

"Umeangukia nini?"

"Kitanda cha mama. Mama tulikuwa tumemtoa."



"Ningejua kwamba hali imefika huko..." alisema mzee.

Nilimpokonya Theodosia simu. Matusi ya miezi mitano yalikuwa yamejipanga mdomoni, nikavuta pumzi nimmwagie yote. Ningejua, anasema. Yeye alikuwa Kahama. Mimi nilikuwa mlango unaotazamana na wa Theodosia, nikiiona mistari ile asubuhi na jioni, nikiitania.

Nikamrudishia Theodosia simu yake, nikaenda kumuuliza bibi kama anasikia baridi.