Kadi ya Mdogo Wangu

Safari ile ilikuwa ya mama. Alizaliwa Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, babu alipokuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Miaka ya utawala wa wanajeshi ilipokuja, familia ikarudi Kenya, na mama hakukanyaga Uganda tena. Mdogo wangu, anayefanya kazi ofisini Nairobi, ndiye aliyesema tumpeleke likizo akapaone. Mimi niliyekuwa nikiishi na mama Kisumu, nikimpikia na kumpeleka kliniki, wazo hilo halikunijia. Wivu wangu ulianza hapo, hata kabla hatujapanda basi.

Juu ya pesa tulibishana kwa siku kadhaa. Yeye alitaka tulipe kila kitu kwa kadi yake ya benki, tugawane tukisharudi. Mimi nauza vitambaa sokoni, noti ndizo ninazozijua. Mwisho kila mtu akashika njia yake. Mpakani Busia nilibadilisha pesa zangu dirishani, nikatoka na bunda nene, nikalifunga kiunoni ndani ya leso. Mdogo wangu alinitazama, akatabasamu.

Hotelini Jinja, bwana wa mapokezi alimwita yeye madam na mimi mama, ingawa tumepishana miaka michache tu. Alimsogezea mashine. Mashine ikauliza atozwe kwa shilingi za Kenya au za Uganda. Mdogo wangu akachagua za Uganda, akamweleza mama kwamba ukichagua za kwenu, wenye mashine wanakupangia bei yao ya kubadilisha. Mama alisikiliza kama yuko kanisani. Miaka yote ile nikimweleza mambo ya dawa zake, hakuwahi kunisikiliza hivyo.

Kesho yake tulikwenda kupanda mashua pale mto Nile unapotoka ziwani. Mwenye mashua hakuwa na mashine, kwa hiyo nilifungua leso. Noti za Uganda zina sifuri nyingi, nikachelewa kuzipanga, na watu wakasubiri nyuma yetu. Mama akaniambia kwa upole, “Ungemwachia mwenzako.”

Nilikaa ndani ya mashua nikatazama maji, wala sikumbuki nilichokiona. Nilikuwa nikiomba kadi ile ikataliwe, walau mara moja, mama akiwa anatazama.

Ilikataliwa tulipofika mji wa Mbale. Tulifikia nyumba ya wageni mtaa wa Namakwekwe, na msichana wa mapokezi akajaribu kadi mara mbili, akasema mtandao hakuna. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Mkono wangu ulikuwa tayari kiunoni. Kabla sijafungua fundo, simu ya yule msichana ililia: mdogo wangu alikwisha kumtumia pesa kwa simu. Kumbe alisajili laini ya Uganda tulipokuwa Jinja, mimi nikidhani ametoka kununua maji. Mama alicheka kwa furaha, akampiga bega.

Mbale tulikuwa tumekwenda kumtafuta rafiki wa mama wa utotoni, aliyeolewa huko. Tulimkuta mtaa wa Nabuyonga, kwenye chumba kimoja nyuma ya shule, mguu mmoja umevimba. Wakashikana, wakaongea Kisoga, lugha ambayo sikujua kama mama bado anayo. Tulipoaga, mama alininyooshea mkono bila kunitazama. Nilielewa. Nikafungua leso, nikamwekea noti nyingi kuliko nilivyokusudia, naye akazibana katika kiganja cha mwenzake.

“Huyu mdogo ndiye ametuleta,” mama alimwambia, sasa kwa Kiswahili, akimwonyesha mdogo wangu.

Yule rafiki yake akamshika mdogo wangu kichwani. “Mungu akuongeze, mtoto yangu,” alisema. Mimi nilisimama mlangoni na leso tupu.

Mdogo wangu aliona uso wangu. “Mama,” akasema, “hizo pesa ni za dada.”

“Najua,” mama akajibu. “Za huyu ni zangu.”

Kisha akatoka kutafuta viatu vyake.

Niliporudi Kisumu nilichukua kadi ya benki, na mdogo wangu alinielekeza kwenye simu, kwa uvumilivu, namna ya kuitumia. Hatujazungumza habari ya siku ile. Lakini lile neno la mama nimeligeuza mara nyingi. Kuna siku naona nilipewa kitu ambacho mdogo wangu, kwa werevu wake wote, hatakipata. Halafu jioni anapiga simu kutoka Nairobi, na mama, ambaye magoti yanamsumbua, anainuka kuipokea kabla yangu. Siku hizo naona sikupewa chochote, narudi jikoni kumalizia chakula chake.