Nilivyokatwa Alama Garsen

Safari hii ilianzia kwenye sufuria. Nilikuwa nimechora sufuria ya mama ikichemsha chai, jikoni kwetu Umoja, Nairobi, na mwalimu wangu wa chuo cha sanaa, ambaye sote humwita Prof, akaitazama akiwa amekunja pua. "Hakuna maisha hapa," akasema. "Nenda ukatafute maisha ya kila siku." Kumbe sisi wa Umoja huishi wikendi tu. Akanipa masharti: niende mbali, nichore, nifanye maonyesho hukohuko, naye aje kunipa alama za mwisho. Nikishindwa, narudia mwaka. Na mama alikuwa ameshampelekea fundi kitambaa cha nguo ya mahafali yangu.

Nilichagua Garsen kwa sababu ninayoona haya kuitaja: kwenye ramani, Mto Tana unajipinda vizuri pale.

Minjila, adhuhuri. Basi lilinishusha njia panda ya kuingia Garsen, kwenye jua lisilo na adabu. Nilikuwa nimevaa kofia pana na skafu, maana msanii lazima aonekane. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kama nimetoka kwenye shirika la kugawa neti za mbu.

"Hapana, mama. Mimi ni msanii. Natafuta maisha ya kila siku."

"Basi beba hili gunia," akasema.

Ndivyo nilivyompata mwenyeji wangu, Mama Rehema, Mpokomo wa kijiji cha Kulesa, mkulima wa ndizi na maembe.

Kulesa, siku zilizofuata. Asubuhi nilibeba maji, mchana nilichora, jioni nilisikiliza mashtaka. Mama Rehema alikuwa na kesi na ng'ombe wote wa Tana Delta, kwa sababu huingia shambani kwake na kutafuna migomba. Nilichora mto, nikachora mitumbwi, nikachora ndizi. Lakini kila nilipofikiria jicho la Prof, nilijua nahitaji kitu kizito zaidi.

Nikakipata kwenye mbuga za Minjila. Mfugaji mmoja wa Kiorma, Mzee Dido, aliniruhusu nimchore fahali wake, mnyama mkubwa mwenye dharau kama afisa wa uhamiaji. Kwenye picha nilimpaka rangi ya samawati. Masikio niliyaacha, sikuyachora kabisa. Chuoni tumefundishwa kwamba msanii huacha yasiyo na umuhimu, na mimi, mtoto wa Umoja, nikaamua kwamba masikio ya ng'ombe hayana umuhimu.

Garsen, Ijumaa. Nilipata banda nyuma ya soko, nikatundika picha zangu. Kisha nikamwomba kijana wa bodaboda mwenye spika atangaze maonyesho ya sanaa. Akazunguka mji mzima akipaza sauti: "Maonyesho! Maonyesho kesho! Leteni kazi ya mikono yenu!"

"Mbona umeacha neno sanaa?" nikamuuliza.

"Buda, hiyo hakuna mtu ataelewa. Nimeitoa ndio wajae."

Wakajaa. Jumamosi asubuhi nilikuta watu wamefika na maboga, mikungu ya ndizi, asali, mbuzi, na kuku mmoja aliyefungwa utepe. Mzee Dido alikuja na fahali wake mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo. Kwao maonyesho ni yale ya kilimo: unaleta kilicho bora, mtu mwenye kofia anakagua, anatoa zawadi. Na mwenye kofia nilikuwa mimi.

Prof akafika akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akasimama mbele ya boga kubwa, akaliinamia, akashusha pumzi. "Hii ni kazi ya nani?"

"Ya Mungu," Mama Rehema akamjibu.

Nikadhani nimeokoka, hadi watu walipoanza kudai mshindi. Wakulima walikuwa wamekaa upande mmoja wa banda, wafugaji upande wa pili. Ukitamka Garsen kwamba ndizi zimemshinda ng'ombe, au ng'ombe amezishinda ndizi, huzungumzii sanaa tena, unachokoza ugomvi wa zamani wa wakulima na wafugaji. Nikatangaza kwamba wote wameshinda, na kwa kuwa sikuwa na zawadi nyingine, nikaanza kugawa picha zangu. Mama Rehema akapata mto. Mzee Dido nikampa fahali wa samawati.

Akaishika ile picha, akaitazama kwa muda. "Kijana, masikio iko wapi?"

"Nimeyaacha, mzee."

"Umekata?"

"Sikuyakata. Sikuyachora tu."

Akaisogeza picha mbali na mwili wake. "Sisi Orma, kila mtu iko na alama yake. Anakata kwa sikio ya ng'ombe. Mwizi akichukua ng'ombe, kwanza anaondoa sikio. Sasa wewe unanipa ng'ombe ya wizi, mbele ya watu?"

Wafugaji wote wakageuka kunitazama, na mimi nikaona haya, haya ya kweli, si ile ya wasanii.

Nikachukua brashi. Prof akanidaka kiwiko. "Usiguse!" akanong'ona. "Fahali asiyesikia! Hiyo ni dola, serikali isiyosikia wananchi! Hiyo ndiyo kazi pekee inayoweza kukupitisha."

Nikamfikiria fundi na kitambaa cha mama. Kisha nikamtazama mzee na picha aliyoishika mbali naye, nikaichukua, nikaiweka juu ya meza, nikachora masikio.

"Ya kulia," Mzee Dido akaelekeza. "Kata hapa, nyuma. Si hapo! Hapo ni alama ya shemeji."

"Ichore kubwa, mwanangu!" Mama Rehema akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Akiingia kwenye ndizi zangu nijue naenda kumshtaki nani!"

Wakulima wakacheka, wafugaji wakacheka, na Mzee Dido akacheka kuliko wote. "Mama, hii peke yake ndiyo haiwezi kula ndizi yako."

Minjila, siku ya kurudi. Mama Rehema na Mzee Dido walinisindikiza hadi njia panda, mahali gari la chuo liliponisubiri. Nilikuwa nimejifunza jambo moja: kitu hakikosi umuhimu kwa sababu mimi sikuona kazi yake. Ni somo dogo kwa nauli niliyolipa, lakini ni langu.

Prof akashusha kioo cha gari, uso umemkauka. "Umepita," akasema, "kwa kukwaruza. Kwa kuwa uliiharibu ile kazi, nimekukata alama."

Mzee Dido akashtuka. Akanishika bega, akanigeuza, akachungulia sikio langu moja, kisha la pili.

"Bado hujakata," akamwambia Prof. "Kata ya kulia, kama ya ng'ombe yangu. Akipotea huko Nairobi, watu watajua ni wetu, watamrudisha."