Mzee Kassimu na Mawe Yasiyo na Rangi Moja

Mzee Kassimu hakuwa mtu wa kuchukia watu. Kuchukia ni kazi, na yeye aliona wanadamu wengi hawastahili kufanyiwa kazi. Aliwadharau tu. Aliwadharau wauza kabichi wa soko la Lushoto kwa jinsi walivyozinadi kwa kelele, utadhani kabichi zina masikio. Aliwadharau vijana wa bodaboda kwa miwani yao myeusi siku za ukungu. Na mabroka wenzake wa mawe ya thamani ndio usiseme. "Hao," alikuwa akisema huku akibinua mdomo, "wape kipande cha chupa ya soda, watakiita zumaridi."

Dharau hiyo aliipata pamoja na ufundi. Ujanani aliteremka bonde la Umba kuchimba, jua likamshinda, akaenda Tanga kwa fundi mmoja wa kukata mawe, mzee wa Kihindi mkali kama siki. Huko alijifunza kukata na kung'arisha, na huko akaiona opali kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mawe mengine yote yalimtoka moyoni. "Rubi ni nyekundu, basi," alisema. "Ni kama mtu anayejua neno moja."

Opali zilikuwa na maneno mengi. Aliporudi Lushoto na kuweka meza yake barazani, alikuwa nazo nyeupe za maziwa, ndani yake cheche zinajificha na kutokea. Alikuwa nazo za rangi ya asali, na za kijani kilichotulia, kisichometa hata kidogo. Zilikuwepo za kijivu cha moshi, na zile angavu kama maji ya kijito, ambazo ukizigeuza kidogo tu moto hukimbia ndani, mwekundu, kisha wa samawati, kisha haupo. Mteja akiuliza, "Mzee, opali hasa ni ya rangi gani?" Kassimu alimpima kuanzia viatu mpaka kofia. "Na mbingu ni ya rangi gani?" Kisha akamgeuzia mgongo.

Mwanawe wa pekee, Mbaraka, alikuwa dereva wa lori la mboga. Kijana alipomwoa Saumu, binti wa wakulima wa iliki huko Zirai, mzee alisonya mbele za watu. "Nimekaa na vito maisha yangu yote, wewe unaniletea mtu wa viungo vya chai." Harusini hakwenda. Alisema goti linamuuma, na wote walijua goti lake ni zima kuliko la mbuzi.

Kwa kuwa mke wa mzee alikwisha kufariki, Saumu akaja kukaa naye nyumba moja. Kila asubuhi alipiga goti, "Shikamoo baba," naye akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayefukuza nzi. Makande yake aliyala mpaka mwisho wa sahani, halafu akasema chumvi imezidi. Saumu alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na mzee aliuchukulia ukimya ule kuwa ni upungufu wa akili.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Mwanzoni alidhani ni ukungu wa masika. Masika yakaisha, ukungu ukabaki, na ulikuwa hata ndani ya nyumba. Hakumwambia mtu. Alikazana kukaa mezani akigeuza mawe, akitikisa kichwa kama zamani.

Siku moja mchimbaji aitwaye Aron akamletea opali moja kubwa. Mzee akaiinua kwenye mwanga, akaona weupe mtupu. "Mtindi huu," akasema, akamrushia mwenyewe. "Peleka Mombo ukauze na maandazi." Aron akaondoka nalo. Kabla ya wiki kwisha habari ikatapakaa sokoni kwamba jiwe lile ndani lilikuwa linawaka kama mkaa unaopulizwa, na broka aliyelipata amechinja mbuzi. Wauza kabichi wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mdharau mwiba mguu huota tende!" mmoja akapaza sauti mzee akipita. Kassimu akajikaza asigeuke. Kudharau alikuzoea. Kudharauliwa kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi iliyofuata alimwita Saumu barazani.

"Nataka kujua kama na wewe una macho," akamwambia, kana kwamba anampa mtihani. Akampa jiwe. "Hilo rangi gani?"

Saumu akalisogeza kwenye jua. "Nyeupe, baba. Lakini si nyeupe. Ni kama povu la sabuni linapotaka kupasuka."

"Nimekuuliza rangi, sikukuuliza habari za kufua."

"Haya. Nyeupe."

Neno hilo likamfikia mzee likiwa tupu. Nyeupe yake mwenyewe alikuwa nayo, imejaa macho yote mawili. "Povu la namna gani?" akauliza kwa hasira.

Saumu akamweleza: pembeni pana rangi ya waridi, katikati kijani chembamba kinachotembea, kama shingo ya njiwa akigeuka. Mzee akampa la pili. "Hili ni kama dizeli iliyomwagika dimbwini pale stendi." La tatu likawa la kijani. "Kijani gani?" mzee akafoka. "Vijani viko vingi, wewe!"

"Cha iliki iliyochumwa leo, baba. Ikilala siku moja tu, si hicho tena."

Mzee akafumba macho. Akaiona. Akaiona iliki ile aliyoidharau, mbichi kabisa, na ndani yake akaliona jiwe lake mwenyewe. Hakusema asante. Alisema, "Kesho uje mapema, umechelewa leo," ingawa hakuwa amemwambia saa yoyote.

Ikawa hivyo miezi mingi. Saumu akikaa upande wa jua, mzee upande wa kivuli, yeye akitaja na mzee akimkosoa. Alimdharau alipotaja vibaya, na alipotaja vizuri alimdharau kidogo zaidi, asije akavimba kichwa.

Siku moja akaja Stephano, broka wa kutembea, amevaa koti la ngozi. "Shikamoo mzee. Nimekuletea nyeusi, yenye moto." Mzee akaipokea, na bila kuitazama akampa Saumu. Stephano akacheka. "Shemeji, hili si nyanya. Turudishie, wewe rudi jikoni."

Saumu aliligeuza ubavu. "Baba, juu ni utando wa opali, mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini ni jiwe jingine jeusi. Katikati naona mstari wa gundi."

"Mwanamke wa shamba anajua nini?" Stephano akasema.

Hapo dharau yote ya Mzee Kassimu, iliyolimbikwa kwa umri wake wote, ikapata pa kumwagikia. Akasimama. "Jikoni?" akasema taratibu. "Jikoni kwa huyu wewe hufai hata kuwa kuni, maana kuni hukauka, na wewe umeoza. Umekuja barazani kwangu na gundi! Mkwe wangu ameona kwa kupepesa jicho mara moja kile ambacho wewe umekificha usiku kucha. Chukua uchafu wako. Na hilo koti la kuazima lirudishe kwa mwenyewe."

Stephano akaondoka huku wauza kabichi wakimzomea. Saumu aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia akiitwa mkwe.

Jioni hiyo alimweleza mumewe yaliyo machoni mwa mzee, maana alikwisha kuyajua tangu siku ile ya kwanza barazani. Madaktari wa macho walipopita milimani, Mbaraka alimpandisha baba yake kwenye lori juu ya magunia ya karoti, mzee akilaani njia nzima. Walimtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia.

Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni Saumu, ameshika kikombe cha uji. Akamtazama muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Umeziotesha wewe, baba."

Mzee alitaka kusonya, ikatoka kicheko. Kisha akageuka dirishani akawatazama watu waliokuwa wakipita uani, na wote aliwaona wabaya kuliko alivyowakumbuka. Hakuona sababu ya kubadili maoni yake juu yao.

Siku aliporudi mezani, Saumu alianza kuondoka na ufagio wake. Sasa mzee aliona mwenyewe, alimhitaji wa nini? Kassimu akamwaga mawe kwenye sahani, yakatawanyika na rangi zake zote.

"Unakwenda wapi?" akamkaripia. "Kaa."

Saumu akaegemeza ufagio ukutani, akavuta kigoda, akakaa.