Kadi za Watu Kwenye Kopo Langu

Nilipoanza kukopesha walimu, ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja Msamvu, na dhamana yangu yote ilikaa ndani ya kopo la biskuti. Humo nilitunza kadi za benki za wateja, kila moja imezungushiwa kikaratasi chenye namba ya siri. Siku ya mshahara nilipanga foleni kwenye mashine ya benki ya kutolea pesa nikitoa changu, kadi baada ya kadi, na watu nyuma yangu wakilalamika: "Mama, wewe umeajiriwa na wizara ngapi?" Sikujali. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi sikuwa na muda wa kungojea matanga ya mtu.

Kisha tukaitwa kwenye semina ya leseni. Tukaambiwa kadi ya mteja haishikwi, mkataba uwe wa Kiswahili, na mteja apewe nakala. Nilirudi nimefura. Niliapa kwamba biashara imekufa, lakini leseni niliitaka, kwa hiyo nikaanza kuwapigia watu simu waje kuchukua kadi zao.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mmoja mtu mzima wa Matombo, mdaiwa wangu mkubwa kuliko wote. Asingelipa yeye, mtaji wangu ungekwisha. Nikamwamkia, nikampa nakala ya mkataba, kisha kadi. Kadi akaikataa.

"Ikae tu hapa, mwanangu. Ndugu zangu wakiniomba hela nawaambia kadi iko Msamvu. Nikiwa nayo nitawajibu nini?"

"Waambie sheria imekataza, mwalimu."

Akacheka, akaichukua shingo upande. Nikamsindikiza kwenye mashine akabadilishe namba ya siri, nami nikageukia barabarani. Roho iliniuma, sifichi.

Mwisho wa mwezi mishahara ikatoka, siku mbili zikapita mwalimu haonekani. Ya tatu akaja, akaweka rejesho mezani. Nikamwandikia risiti. Akavaa miwani, akaisoma yote, kisha akatoa mkataba mfukoni akaukunjua.

"Hii ada ya fomu unayonikata kila mwezi, mbona humu haimo?"

Kweli haikuwamo. Nikaifuta, nikamrudishia na ya miezi ya nyuma. Halafu nikamuuliza mbona miaka mitatu yote hakuwahi kuniuliza.

"Ningekuulizaje, mwanangu, na kadi yangu unayo?"

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba yule mzee ananiheshimu.