Mguu Uliochelewesha Upanzi

Kandambili yangu ya kushoto ilibaki mahali fulani kati ya soko la Rodi Kopany na nyumbani, nami nilitembea bila habari mpaka mlangoni. Mume wangu aliniangalia miguu, akauliza kama siku hizi zinauzwa moja moja. Nilicheka, lakini moyo ulinishtuka. Mguu ule haukuwa umeniambia kitu njia nzima, si mawe, si joto la mchanga.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala nikiteremsha mahindi, nikatua kwa mgongo. Mgongo ulipona, nikausahau. Kumbe ulikuwa umeuachia mguu kinyongo chake. Ganzi ilianza kwenye vidole, ikapanda hadi kwenye shavu la mguu, na kila asubuhi nilisikia kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi. Nilikwenda Homa Bay mjini, daktari akanilaza kifudifudi, akachukua pini.

"Mama, hii unasikia?"

"Nitasikia ukianza."

"Nimeshamaliza."

Tulicheka wote wawili. Kisha akanieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni, akanionyesha mazoezi ya kufanya juu ya mkeka, akasema huenda hisia zikarudi polepole, na huenda zisirudi. Hiyo "huenda" ya pili sikumwambia mtu nyumbani.

Basi mvua za masika zikaja. Kwetu, katika boma lenye wake zaidi ya mmoja, mke wa kwanza ndiye hutangulia kupanda. Mpaka mbegu yake iingie ardhini, hakuna mwingine anayethubutu. Mke wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili, nyieka kama sisi Wajaluo tunavyomwita mke mwenza, alitoka kwa Wakuria, upande wa Migori. Kijaluo kilikuwa bado kinampa taabu, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, na tuligombana kwa Kiswahili pia. Alikuwa na watoto watatu wadogo na ghala tupu.

Jembe lilikuwa limenishinda. Nikiinama tu, mguu wa kushoto unajikunja na kunimwaga chini. Lakini kusema hivyo? Mimi, niliyekuwa nikilima kuwapita wanaume? Nilisema mvua ya kwanza ni ya kudanganya, tungoje ya pili. Ya pili ikanyesha. Nikasema ardhi haijashiba. Mahindi ya majirani yakachomoza, na nyieka akawa anapita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na jembe begani, polepole, ili nimwone vizuri. Nilimwona. Nilikuwa na aibu, na aibu ikanifanya mkali.

Siku moja hakupita. Aliingia ndani.

"Dada, niambie ukweli. Unangoja mvua ama unangoja mguu?"

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na watoto. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, dada. Na hii kilio itakuwa ya njaa."

Nilifungua kinywa nimfokee, likatoka lile lililokuwa limenikaa kooni: kwamba mguu umekufa, na sijui kama utafufuka. Akaniuliza kama mila inakataza mpandaji kushikiliwa asianguke. Tulikwenda kumuuliza mume wetu. Alikuna kidevu kama jaji, akasema hilo hajawahi kulisikia.

Basi nyieka akaliacha jembe lake ukingoni mwa shamba langu, akanifunga leso kiunoni, akashika ncha zake kwa nyuma, tukaingia shambani kama mtu na ng'ombe wake wa kulimia. Mimi nachimba, nadondosha mbegu, nafukia kwa mguu mzima. Yeye ananivuta kila nikiyumba. Tulimaliza mstari wa kwanza. Tulikuwa katikati ya wa pili alipopiga kelele.

"Siafu! Dada, toka hapo, siafu!"

"Wacha kelele. Hao ni wa mguu wangu, huja kila asubuhi."

"Hapana, hii ni siafu ya ukweli!"

Nikatazama chini. Msafara mzima ulikuwa ukiupanda mguu wa kushoto, nami nimewasimamia njiani kama nguzo. Kabla sijafanya lolote, mmoja akaniuma, hapo hapo kwenye shavu la mguu, pini ilipopita bila salamu. Niliruka, nikapiga ukunga, tukaanguka wote wawili kwenye tope, jembe huku, mbegu kule.

Alinikokota hadi ukingoni, akaanza kunichambua siafu mmoja mmoja huku akiwalaani kwa Kikuria. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, hata akadhani nimegonga kichwa. Iliniuma vibaya sana, na sijawahi kufurahia maumivu kama siku ile. Akafika kwa yule wa kwenye shavu la mguu, bado ameng'ang'ania. Nikamshika mkono.

"Huyo mwache. Mwache kidogo nimsikie."

Alinitazama, akautazama mstari wangu uliokwisha kufukiwa, akaokota jembe lake.

"Kaa na siafu yako, dada. Mimi naenda kupanda."