Ekseli Iliyokatwa Mara Mbili

Chini ya kilima cha Nyanchwa, Zaki ana karakana ya mabati ambamo hakuna chuma kinachozikwa. Mlango wa basi umekuwa kitanda, springi za lori zimekuwa majembe. Babu yake alikuja Kisii kuuza nguo, baba yake akauza nguo, naye alipopewa duka alilikataa kwa sababu, alivyosema, kitambaa hakibishani na mtu. Chuma hubisha, na Zaki hupenda ubishi.

Kwa hiyo Mogaka, mkulima wa chai kutoka Gesima, alipoleta shida yake aliileta penyewe. Mama yake, Persis, alivunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kutembea wala kukalia bodaboda. Kila Sabato vijana walimbeba kwa kiti hadi barabarani, mpaka siku moja akakataa katakata. "Nilibebwa nikizaliwa, na nikifa mtanibeba," aliwaambia. "Hapa katikati niacheni." Tangu siku hiyo husikia kengele ya kanisa tu, na nyimbo zake huwaimbia kuku.

Gari lingemchukua mlangoni, ila njia ni nyembamba. Upande mmoja kuna ukuta wa mawe wa zizi, upande wa pili chai ya jirani, Nyangau. Na huko mashamba yamegawiwa wana na wajukuu hadi kila mtu ana kipande cha kujibana, kwa hiyo kumwomba mtu unyayo wa ardhi ni kumwomba jino. Nyangau aliombwa mara moja tu. Alijibu kwamba baba yake alimwachia mpaka, hakumwachia njia.

"Sasa fundi," Mogaka alisema, "kama njia imekataa kupanuka, wewe punguza gari."

Zaki alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliamua kuunda gari la magurudumu matatu: mbele pikipiki, nyuma ekseli ya pikapu iliyokufa, ile inayobeba magurudumu mawili na kuyazungusha. Ekseli ilikuwa pana mno. Akaikata mabomba yake ya nje pande zote mbili, akapitisha chuma kinyofu katikati ili vipande visikose mstari, akachomelea kidogo huku, akageukia kule, akangoja ipoe, maana moto huvuta chuma, na ekseli iliyopinda hula magurudumu. Shafti za ndani, zile fimbo zinazozungusha magurudumu, akazifupisha na kuzichonga meno upya. Magurudumu yalipozunguka bila kutikisika, aliweka kiganja juu ya ekseli akaogopa kidogo, hofu ile ya mtu anayeona kazi imeizidi mikono yake.

Walipolifikisha Gesima, gari liliingia njiani likakwama. Mogaka alikuwa amepima njia wakati chai ya Nyangau imetoka tu kukatwa, imebaki visiki. Sasa ilikuwa imechipua ikafura hadi njiani. Mtu aliyezaliwa ndani ya chai, akasahau kwamba chai huchipua! Zaki hakujua amcheke au amlilie. Nyangau alisimama pale na panga lake. "Jani langu moja lisianguke," alisema.

Persis alikuwa mlangoni, amejifunga kichwani kitambaa cheupe cha Sabato. Alilitazama gari likirudi kinyumenyume, akakifungua kitambaa akakikunja. Hilo lilimuuma Zaki kuliko tusi.

Akaikata ekseli tena. Shafti za kwanza zilikuwa nyembamba katikati, hazikuwa na nyama ya kuchongwa meno mengine, kwa hiyo alitafuta za lori akazikereza pole pole. Ekseli ilitoka fupi hata mafundi jirani waliokuja kumtania waliizunguka, wakainama, wakasahau utani wao.

Sabato iliyofuata Persis alikaa nyuma, Mogaka kando yake, Zaki akiendesha kwa mwendo wa kobe. Ukuta ulikuwa karibu mkono huu, chai ilikuwa karibu mkono ule, na gari likawa linapita kati, huku Nyangau akilitazama kutoka mbele, panga mkononi. Zaki alishusha pumzi. Alidhani maajabu ya siku hiyo yamekwisha.

Persis alinyoosha mkono. Tangu avunjike hakuwa amegusa chai, na vidole vyenyewe vikafanya vilichozoea maisha yote: vikachuma majani mawili na kichipukizi chake.

"Mama," Nyangau alisema, "hiyo chai ni yangu."

"Najua," Persis alijibu kwa Kigusii, ambacho Zaki amekua nacho mjini. "Tulipoipanda mama yako alikuwa na mimba yako. Hakuweza kuinama. Yeye alinipa miche, mimi nikachimba."

Zaki alizima injini bila kujua. Chuma alikijua kinavyopinda. Hakuwahi kuona mtu akipindwa kwa sauti ndogo namna ile.

Nyangau alilaza panga juu ya ukuta. Akatangulia mbele ya gari, akifungua matawi kwa mikono miwili hadi barabarani. Majani yalianguka njia nzima, naye hakugeuka kuyatazama.