Saa ya Kaka Kwenye Malka

Pu. Rungu likimpiga mtu tumboni halilii kama kwenye mfupa. Linatoa sauti ya gunia la mpunga likitupwa chini. Bado ninaisikia.

Tumbo lilikuwa la kaka yangu, na figo iliyokuwa ndani, chini karibu na nyonga, ilikuwa yangu. Nilimpa nikicheka, nikamwambia akiniozesha kwa mzee nitaidai. Hospitali ikamvisha saa ya kupima joto na mapigo ya moyo na kuwatumia wauguzi, ili wajue mapema kama mwili unaharibika.

Asubuhi ile vijana wetu walikuwa wanalinda malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni, baada ya wakulima kuiziba kwa miiba. Mishale ilishapita, mwenzetu mmoja alikuwa chini, mshale pajani. Sheria ya kulinda malka ni moja: simu zinabaki nyumbani, asije mtu akaita polisi. Kaka aliniachia yake. Saa hakuna aliyeifikiria, nayo ilikuwa na laini yake ndani.

Muuguzi akapiga simu ile. Joto la kaka linapanda tangu alfajiri, akasema, nimpeleke hospitali ya Garsen sasa hivi. Nikakimbia malkani. Nilikuta saa inalia, taa nyekundu, na binamu yetu amemkaba kaka shingo.

“Umewauzia nani habari zetu, mbwa wewe? Hii inaita nani?”

Kaka akasema inaita daktari. Wakacheka. Rungu likashuka. Panga likaukata mkanda wa saa pamoja na ngozi ya mkono.

Nikajilaza juu yake. Rungu la pili likanipata begani. Basi nikapandisha nguo mbele ya wanaume wote, msichana mzima, nikawaonyesha kovu la ubavuni.

“Figo yangu imo humo. Piga tena, binamu, uue wawili.”

Aligeuza uso kwanza, kwa haya. Kisha akatupa rungu, akaenda kuwasha pikipiki. Mimi nikaokota saa.

Garsen walimtundikia dawa. Mkojo ulitoka na damu, halafu ukasafika, figo imeshikilia. Homa, walisema, ilikuwa ya maambukizi yaliyoanza kabla ya rungu, na saa ndiyo iliyoyawahi.

Kaka alipolala niliiosha saa damu bombani, nikaushona mkanda wa kitambaa kwa sindano ya kuazima. Kabla ya kumrudishia nikaivaa mimi, nikangoja mpaka taa ya kijani ikauona moyo wangu.